KAZI YA CHUO ITANGAZWE WAZI



Zamani kijana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyetaka masomo ya chuo kikuu alifunga safari kwenda mbali. Mwaka 2011 chuo cha ualimu cha Garissa kiligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na Oktoba 2017 kikapata hati ya kujitegemea. Ndicho chuo kikuu cha kwanza cha serikali katika Kaskazini Mashariki.

Lakini chuo si wahadhiri peke yao. Chataka mpishi, dereva, karani, fundi wa bomba, mfagiaji na mlinzi. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa humo watu 148, wengi wao wanafunzi, na walinzi wa langoni walikuwamo. Kilipofunguliwa tena Januari 2016, watumishi walirudi kabla ya wanafunzi. Basi asituambie mtu kwamba kazi hizi ni ndogo.

Je, hupatikanaje? Sisi twasema mambo matatu.

Kwanza, tangazo. Kila nafasi ibandikwe langoni na mjini, watu wote waisome. Nafasi inayonong'onwa ina mwenyewe tayari. Katiba ya 2010 yataka kazi za serikali zitolewe kwa ushindani wa haki, na sheria ya mwaka 2008 yakataza kabila moja kupita theluthi moja ya watumishi katika shirika la umma. Mwenyeji asinyimwe kazi nyumbani kwake, wala aliyetoka Meru au Kisumu asiitwe mgeni. Tukigombana sisi kwa sisi, anayefaidi ni yule agawaye kazi kwa siri.

Pili, barua. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima hahesabiwi tena kibarua. Mlinzi asiye na barua akiuawa langoni, mjane wake ataonyesha nini?

Tatu, wanafunzi. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi, na ng'ombe ndiye karo ya mtoto wa mfugaji. Mwanafunzi akipewa saa chache za kazi maktabani au jikoni, sisi twafurahi. Lakini saa zake na malipo yake yajulikane, wala asifanywe fimbo rahisi ya kumfukuzia mpishi wa miaka kumi. Mwanafunzi wa leo ni mfanya kazi wa kesho; akizoea kulipwa nusu leo, kesho ataitwa mtu wa nusu mshahara.

Ndugu, tusilalamike kivulini. Ukiona kazi imetolewa pasipo tangazo, au umepita mwezi bila barua, andika tarehe umpelekee katibu wa tawi. Mmoja akiuliza huitwa mkorofi; wote tukiuliza, tutajibiwa.