Sauti za Sokoni na Leseni ya MIT

Mwaka jana kikundi chetu kilirekodi wamama wa soko moja hapa Likasi wakitaja majina ya vyakula kwa Kiswahili cha kwetu, tukatengeneza kamusi ndogo ya simu. Siku ya kuitoa, niliweka leseni ya MIT juu ya kazi nzima, programu na sauti pamoja. Niliichagua kwa kuwa ni fupi. Nilikosea.

MIT iliandikwa kwa ajili ya programu: yeyote achukue, abadilishe, hata auze bila kufungua chake, mradi aache tamko la hakimiliki. Kwa programu yetu hilo halinisumbui. Kwa sauti ya mama aliyeambiwa "ni kazi ya masomo" linanisumbua sana.

Wenzangu wanasema tutabadilisha baadaye. Lakini aliyekwisha kuchukua nakala anabaki na ruhusa aliyoipata. Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, isingeweza kuwauliza waandishi wake wote. Ilihamia CC BY-SA mwaka 2009 kwa kuwa toleo 1.3 la leseni yake ya GFDL, la 2008, lilitoa nafasi hiyo. Sisi tunaweza kuuliza: wamama ni kumi na wanne, na soko liko karibu.

Basi programu ibaki MIT. Sauti tuzitoe kwanza, turudi sokoni tukaeleze vizuri. Za wanaokubali ziwekwe chini ya CC BY-SA, ili anayezitumia ataje zilikotoka, na atakachotengeneza kwa kuzibadilisha akitoe kwa masharti yaleyale. Anayekataa tumfutie. Najua kamusi itapungua maneno.