Hadithi za Upelelezi Nazo Zisomewe!

Leo nina neno. Wapo wanaotucheka tukisoma riwaya za upelelezi, eti ni upuuzi. Jamani! Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimwumba Bwana Msa katika "Mzimu wa Watu wa Kale" (1960), riwaya iliyoshinda shindano la uandishi. Katama Mkangi naye, katika "Walenisi" (1995), alimrusha Dzombo hadi sayari nyingine. Huo nao ni upuuzi?

Sasa watazameni walimu wetu. Likizo ikifika wengine hufunga mabegi wakaenda chuo kikuu. Shule zikifunguliwa hurudi darasani, na kazi za chuo huziandika usiku. Wengi wamepata digrii hivyo bila kuacha mshahara. Mbona utunzi wa hadithi hizi usifundishwe vivyo hivyo? Chuo Kikuu cha Kibabii si kiko Bungoma, safari ya matatu kutoka Kitale? Likizo, mtunzi akae na mwalimu wake waichambue hadithi; muhula ukianza, akaandike nyumbani.

Kipaji bila mafunzo ni jembe bila mpini. Tusipofunzwa, tutabaki kusoma mafumbo ya wenzetu, na ya soko la Kitale hatayaandika mtu. Kalamu naiweka chini.