Mgeni Apita Juu, Mwenyeji Asota Chini

Juma lililopita nilimlaki mgeni wangu katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Kabla hatujatoka mlangoni, madereva wa teksi walituzingira, kila mmoja na bei yake. Tuliyepatana naye alidai, tulipofika hotelini, kwamba ada ya barabara ya juu haikuwamo. Nililipa kwa fedheha.

Barabara hiyo ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, yafaa sana, siipingi. Lakini nilipochungulia chini niliona Barabara ya Mombasa imefungana, na ndani ya matatu zile, bila shaka, wamo wapishi na watandika vitanda wa hoteli zizo hizo tuziendeazo. Mishahara yao haiijui ada ile.

Ajabu ni kwamba reli ipo. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012, na reli ya kisasa ikafika huko mwaka 2017, mwendo mfupi tu kutoka uwanjani. Hata hivyo, hakuna garimoshi liingialo humo. Je, Serikali iliyopata mwekezaji wa kuijenga barabara ya juu ilishindwaje na kilomita hizo chache?