Kumbukumbu za polisi ziunganishwe, lakini zilindwe

MTU akiporwa pasipoti na simu katika mtaa wa Berea, hapa Johannesburg, ushauri wa kwanza anaopewa na wenzake ni kwenda kituo cha polisi cha Hillbrow akachukue namba ya kesi. Hawamwambii aende ili vitu vyake vipatikane. Wanamwambia aende kwa sababu namba hiyo ataulizwa ubalozini atakapoomba hati ya kusafiria, na ataulizwa tena na watu wa simu na wa bima. Akishaipata, huona shughuli yake na polisi imekwisha.

Hali hii imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeishangaa. Sisi tunaona ni ya kushangaza. Wananchi wanapofika mahali pa kuiona polisi kama ofisi ya kugonga mihuri tu, anayefaidika ni mhalifu. Ndiyo maana leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi hulipita, nalo ni jinsi polisi wanavyotunza kumbukumbu zao.

Namba hiyo hutolewa na mfumo wa kompyuta wa polisi wa Afrika Kusini ujulikanao kama CAS. Ndani yake mna jina la kituo, namba ya mfululizo, mwezi na mwaka. Kompyuta inajua kwamba kesi ipo, ni ya kosa gani na amekabidhiwa nani. Lakini kesi yenyewe, yaani maelezo ya mlalamikaji na ya mashahidi, ripoti za wataalamu na shajara ya mpelelezi, imo ndani ya jalada la karatasi lenye sehemu tatu za A, B na C. Yamefanyika majaribio ya kuingiza nakala za majalada kwenye kompyuta, lakini jalada la karatasi bado ndilo roho ya kesi. Hubebwa mkononi na kwa gari, kutoka kwa askari wa zamu hadi kwa mpelelezi, kutoka kwa mpelelezi hadi kwa mwendesha mashtaka, na kurudi. Likipotea, au likipotezwa, kesi nayo imekufa.

Wasiojua Berea waelewe kwamba ni mtaa mdogo wenye watu wengi. Hapo ndipo lilipo jengo la duara la Ponte, la ghorofa 54, lililomalizika mwaka 1975. Wanaishi hapo wenyeji, Wazimbabwe, Wanigeria, Wakongo, Watanzania na wengine wengi, na Kiswahili cha Bukavu husikika ngazini sawa na cha Dar es Salaam. Upande mmoja umepakana na Hillbrow. Ukivuka barabara ya Joe Slovo umeingia Yeoville, ambako kuna kituo kingine cha polisi. Kibaka huvuka barabara hiyo kwa dakika mbili. Mpelelezi wa upande mmoja, ili ajue yaliyoandikwa ndani ya jalada la upande wa pili, inabidi apige simu, aombe na asubiri.

Hapo ndipo ilipo faida ya kuunganisha kumbukumbu. Kesi tatu za uporaji zilizoandikishwa katika vituo viwili, zote zikitaja pikipiki moja au kovu moja usoni, zikikaa katika droo tatu ni malalamiko matatu ya watu wasiojuana. Zikiwa mahali pamoja zinakuwa genge. Mshukiwa anayeomba dhamana katika mahakama moja huku akitafutwa na kituo cha jirani hataponyoka kwa sababu tu hakimu hakuletewa karatasi. Mkuu wa kituo naye ataweza kuona, bila kufungua kabati, ni majalada mangapi yamekaa miezi mitatu bila mpelelezi kuandika hata mstari mmoja.

Serikali ya Afrika Kusini inalijua jambo hili. Mkakati wake wa kitaifa wa kuzuia uhalifu wa mwaka 1996 ulisema wazi kwamba polisi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza wafanye kazi kama mnyororo mmoja. Umekaribia miaka 30 sasa. Hatua zimepigwa. Tangu mwaka 2002 polisi wana mfumo wa kompyuta wa kulinganisha alama za vidole, na sheria iliyoanza kutumika mwaka 2013 iliwaruhusu kuzilinganisha na zile zilizoko Idara ya Mambo ya Ndani, ambayo huku ndiyo inayotoa vitambulisho na kusimamia uhamiaji. Hata hivyo mnyororo bado una pingili zilizokatika.

Mfano wa karibuni ulitolewa na polisi wenyewe. Mwezi Julai 2025, Kamishna wa Polisi wa jimbo la KwaZulu-Natal, Jenerali Nhlanhla Mkhwanazi, alijitokeza hadharani na kudai kwamba majalada 121 ya kesi za mauaji ya kisiasa yaliondolewa mikononi mwa kikosi kilichokuwa kikiyapeleleza, yakapelekwa makao makuu na kukaa huko bila kufanyiwa kazi. Rais Cyril Ramaphosa aliunda tume chini ya Jaji Mbuyiseli Madlanga kuchunguza madai yake. Tunachokiona sisi ni kwamba katika nchi yenye uchumi mkubwa kama huu, upelelezi wa mauaji bado unaweza kusimamishwa kwa kuhamisha makaratasi.

Kwetu sisi wageni kuna jalada jingine lisilosahaulika. Katika ghasia dhidi ya wageni za Mei 2008, watu 62 waliuawa. Mmoja wao, Ernesto Nhamuave wa Msumbiji, alichomwa moto akiwa hai katika makazi ya Ramaphosa, mashariki mwa Johannesburg, na picha yake ilizunguka dunia nzima. Jalada lake lilifungwa mwaka 2010 kwa maelezo kwamba hakuna mashahidi. Mwaka 2015 waandishi wa gazeti la Sunday Times walikwenda mahali hapo na kumpata mtu aliyeshuhudia. Kompyuta haiwezi kumlazimisha mpelelezi kugonga milango ya majirani. Lakini mfumo mzuri ungeonyesha ni milango mingapi iligongwa kabla ya jalada kufungwa, na ni nani aliyetia saini lifungwe.

Pamoja na hayo, hatutaki wasomaji wetu wadhani kwamba kununua kompyuta ni dawa. Afrika Kusini imekwisha kutoa mafunzo ya kutosha kuhusu hilo.

Fundisho la kwanza ni la mwaka 2007, ulipoanzishwa mfumo mpya wa kitaifa wa usajili wa magari, eNaTIS. Ulianza kwa kukwama, na watu wakapanga foleni siku nzima bila kuhudumiwa. Fundisho la pili ni la Juni 2020, pale mfumo wa kufuatilia vielelezo katika maabara za polisi ulipozimwa katika mgogoro wa mkataba na kampuni binafsi iliyokuwa ikiuendesha. Vielelezo vya DNA vilivyokuwa vikisubiri kupimwa vilirundikana, na mwaka 2021 Bunge liliambiwa kwamba vimezidi 200,000. Nyuma ya vingi kati ya vielelezo hivyo kuna mwanamke au mtoto aliyebakwa, akingojea siku ya kesi. Serikali ikikodi kumbukumbu zake kama mtu anavyokodi teksi, isishangae siku ikiteremshwa njiani.

Fundisho la tatu ni baya zaidi. Mwaka 2016 Kanali Christiaan Prinsloo, aliyekuwa na dhamana ya silaha za polisi hapa Gauteng, alihukumiwa kifungo cha miaka 18. Silaha zipatazo 2,000 zilizotakiwa kuharibiwa aliziuza, nazo zikaishia mikononi mwa magenge ya Cape Town. Kwenye kumbukumbu zilionekana kana kwamba zimeteketezwa. Mtunza ghala na mtunza daftari akiwa mtu mmoja, daftari litaandika anachotaka yeye.

Na hata aliyeko juu kabisa anaweza kuwa tundu. Jackie Selebi alikuwa Kamishna Mkuu wa polisi wa nchi hii na pia Rais wa Interpol. Mwaka 2010 alihukumiwa miaka 15 kwa rushwa, na mahakama iliridhika kwamba alimwonyesha mfanyabiashara aliyekuwa akimlipa nyaraka za siri za usalama. Kadiri kumbukumbu zinavyokusanywa mahali pamoja, ndivyo mtu mmoja mwovu anavyoweza kuuza nyingi kwa mara moja.

Kwa upande wa nyumbani, Kenya nayo ilipata somo chungu. Mwezi Juni 2025, Albert Ojwang alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilieleza kwamba kamera za kituo zilichezewa. Kituo kilikuwa na mitambo, lakini funguo za mitambo zilikuwa mikononi mwa wanaopaswa kuchunguzwa.

Hatari ya mwisho inatuhusu sisi moja kwa moja. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 2002 inamruhusu askari wa Afrika Kusini kumuuliza mtu makaratasi yake, na katika operesheni iitwayo Fiela ya mwaka 2015 polisi walifuatana na jeshi kukagua majengo, na wageni wengi wakarudishwa makwao. Kwa hiyo mama aliyepigwa na mumewe huko Berea, ambaye kibali chake cha ukimbizi kimekwisha muda, anajiuliza swali moja tu kabla ya kwenda kituoni. Je, nikitoa jina langu nitalala wapi leo? Ikiwa kumbukumbu za walalamikaji zitaunganishwa moja kwa moja na za uhamiaji, mama huyo hataenda. Mumewe ataendelea kumpiga, na takwimu zitaonyesha kwamba uhalifu umepungua.

Kuhusu ushirikiano wa kikanda, misingi ipo tayari. Wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika waliunda umoja wao, SARPCCO, mwaka 1995. Wenzao wa Afrika Mashariki waliunda EAPCCO mwaka 1998. Tanzania na Kongo ni wanachama wa pande zote mbili, na hivyo zingeweza kuwa daraja. Mtandao wa Interpol wa I-24/7, ulioanza mwaka 2003, unaziwezesha nchi kuuliza kuhusu pasipoti na magari yaliyoibwa kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba mtandao huo kwa kawaida huishia makao makuu na kwenye baadhi ya mipaka. Askari wa zamu wa Hillbrow, au wa Tunduma, anayesimama mbele ya gari lenye mashaka usiku wa manane, bado anategemea simu ya mtu anayemfahamu.

Lipo pia jambo la wafu. Tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso katika mtaa wa Marshalltown liliungua na kuua watu 76, wakiwamo raia wa nchi za kigeni. Miili mingi iliungua kiasi cha kutotambulika kwa macho. Familia iliyoko Tanga au Uvira, ambayo kijana wao ameacha kupiga simu, haina dirisha moja la kuulizia. Inapiga simu kwa jamaa, jamaa anakwenda chumba cha maiti, kisha hospitali, kisha mahabusu. Orodha ya pamoja ya waliopotea na ya miili isiyotambuliwa, baina ya nchi zetu, haihitaji siri za dola wala fedha nyingi. Tungependa kuona ushirikiano ukianzia hapo.

Rai yetu ni hii. Kesi iwe na namba moja tangu kaunta ya polisi hadi mahakamani na gerezani, na mlalamikaji aweze kuiulizia katika kituo chochote. Kila anayefungua jalada katika kompyuta aache alama isiyofutika, na alama hizo zikaguliwe na chombo kilicho nje ya polisi, kama IPID hapa Afrika Kusini na IPOA kule Kenya. Mfumo na kumbukumbu zote ziwe mali ya dola, si ya mkandarasi. Kuwe na ukuta wa kisheria kati ya malalamiko ya aliyedhulumiwa na dawati la uhamiaji. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo Afrika Kusini, Kenya na Tanzania, na polisi wasipewe ruhusa ya kuziruka bila masharti. Kazi ianze kwa eneo dogo, mathalani Hillbrow, Yeoville na kituo kikuu cha Johannesburg, kisha ipimwe kwa kuuliza ni kesi ngapi zimefika mahakamani, si ni kompyuta ngapi zimenunuliwa.

Nasi wasomaji tuna wajibu. Ukiandikisha kesi, usiridhike na namba. Uliza jina la mpelelezi, liandike, tunza nakala ya maelezo yako, na baada ya wiki chache rudi ukaulize jalada limefika wapi. Mpelelezi anayejua kwamba ataulizwa hulikumbuka jalada lako.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliyasema hayo kwa ajili ya wenye maduka, lakini hapa kwetu Berea yanahusu pia maisha ya watu. Yupo mtu aliyekuja Bondeni kutafuta riziki na hajulikani alipo. Nyumbani kwao bado wanangoja simu.