Njia Fupi Si Njia ya Watoto

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini likizo ya Desemba inakaribia na nyumbani kwangu mjadala ni ule ule: twende wapi na watoto? Jirani zangu wote wana jibu moja, Mombasa. Mimi mwaka huu nasema hapana, na nitawaeleza sababu zangu kama mtu anayepata riziki yake kwa kuandika programu.

Miaka mitatu iliyopita nilipanga safari ya pwani kwa kuiamini tarakilishi. Niliandika Nairobi, nikaandika Mombasa, ramani ikanipa muda wa saa nane. Tulitoka nyumbani saa mbili asubuhi. Kifungua mimba wangu alitapika mara mbili kabla ya Mtito Andei. Mdogo wake alilia kutoka Voi hadi Mariakani. Giza lilitukuta njiani nyuma ya malori, na kuna mahali nilisinzia kwenye usukani hadi honi ya lori ikanizindua. Tuliingia Mombasa saa tatu usiku. Mama watoto hakusema neno, na kimya chake kilikuwa lawama tosha.

Kosa halikuwa la ramani. Ramani ilijibu swali nililoiuliza.

Wenzangu wa fani hii wanaijua kanuni ya Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyeibuni mwaka 1956 na kuichapisha mwaka 1959. Kila mji ni nukta, kila barabara ni mstari, na kila mstari una uzito wake. Kanuni hutafuta njia ambayo jumla ya uzito wake ni ndogo kuliko zote. Programu za ramani za leo zimeongeza mbinu nyingi juu ya hiyo, lakini wazo la msingi ni lile lile. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba uzito huchaguliwa na binadamu. Ukiweka kilomita, utapata njia fupi. Ukiweka dakika, utapata njia ya haraka. Mimi nilihitaji kuweka uchovu wa mtoto wa miaka minne, na hakuna kitufe cha hilo.

Tena uchovu haujumlishwi kama kilomita. Saa ya kwanza garini mtoto anaimba. Saa ya pili analala. Saa ya nne ni nzito kuliko tatu za kwanza zikiwekwa pamoja. Ndiyo maana safari ndefu ikikatwa vipande vipande huwa nyepesi, hata kama kilomita hazikupungua.

Basi safari hii nilianza na masharti, ramani ikafuata:

1. Gari lisitembee zaidi ya muda wa saa tatu bila mapumziko marefu ya mchana au kulala.
2. Saa kumi jioni gari liwe limeshaegeshwa.
3. Kila tunapolala pawe na kitu ambacho mtoto atakikumbuka, si kituo cha mafuta tu.

Masharti haya yalinipeleka bara, kwenye miji ambayo sisi watu wa Nairobi huipita tu tukienda mazishini au harusini. Kenya sasa ina majiji matano. Nakuru lilipata hadhi hiyo mwaka 2021 na Eldoret mwaka 2024, yakaungana na Nairobi, Mombasa na Kisumu. Matatu kati ya hayo yako kwenye mzunguko mmoja.

Siku ya kwanza ni Nairobi hadi Nakuru, kama kilomita 160. Hapo tutakaa siku mbili, tuone shimo kubwa la volkano la Menengai na makumbusho ya Hyrax Hill. Kisha Kisumu kupitia Kericho, ambako tutakula chakula cha mchana watoto wakitazama mashamba ya chai. Kisumu kuna ziwa, samaki na makumbusho. Kutoka hapo hadi Kakamega ni kama kilomita 50 tu, na msitu wa Kakamega ni masalia ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo. Humo kuna mbega na vipepeo wa kila rangi. Halafu Eldoret, na asubuhi moja tupande hadi Iten tuwaone wanariadha wakifanya mazoezi. Mwisho turudi nyumbani, tukilala Nakuru tena.

Nilipojumlisha nilishangaa. Mzunguko wote ni kama kilomita 820. Mombasa kwenda na kurudi ni zaidi ya 950. Kumbe hatuongezi mafuta, tunaongeza siku na vituo.

Kuna raha nyingine ya watu wa aina yetu. Kisumu iko kusini kidogo mwa ikweta na Kakamega kaskazini kidogo. Nitampa binti yangu simu yenye GPS aangalie namba ya latitudo. Ikifika sifuri, alama ya kutoa itatoweka. Kati ya Eldoret na Nakuru itarudi tena. Somo hilo halihitaji ubao.

Najua kuna watakaosema bara hakuna bahari. Ni kweli, na sina ugomvi na bahari. Wengine watasema ramani za siku hizi zinaona hata msongamano wa magari. Hilo pia ni kweli, na mimi bado nitazitumia, na nitapakua ramani za kutumia bila mtandao kwa sababu si kila mlima una mawimbi ya simu. Ila programu itanihesabia tu. Kuamua ni kazi ya wazazi, maana programu haijui nani anatapika kwenye kona.

Mwaka ule nilimuuliza binti yangu alikumbuka nini njiani. Alisema: "Malori." Mwaka huu nataka jibu lingine.

Na wewe je, ukisafiri na watoto unapima njia kwa kipimo gani? Nielezeni. Mwenda pole hajikwai.