Tumwache Mchimbaji Alale

Katika mji wa wachimbaji, mtu anayekutwa kitandani jua likiwa utosini hupewa jina upesi: mvivu, mlevi, pono. Kambove na Likasi, huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanahukumu hivyo kama wanavyohukumu Dodoma au Mombasa, lakini katika ukanda wa shaba hukumu hiyo ina ubaya wa ziada, kwa kuwa huko kazi ya madini haingoji kuche. Kila asubuhi wapo wanaorudi nyumbani wakati majirani wanaelekea sokoni. Hoja yangu ni kwamba wengi tunaowalaumu kwa kulala mno hawajalala vya kutosha, na kwamba anayestahili kuulizwa ni yule aliyepanga ratiba ya zamu.

Kiswahili chenyewe kimewatetea siku zote. Hatusemi mtu aliamua kusinzia. Tunasema amepitiwa na usingizi, umemchukua, umemzidi nguvu. Maskini tumemwita mlalahoi, tukikiri kwamba ufukara humfikisha mtu kitandani akiwa hoi, kisha tunamcheka akichelewa kuamka. Sayansi imefika palepale kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 2017 Wamarekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza, kupitia inzi wa matunda, jinsi saa iliyomo ndani ya viumbe inavyofanya kazi. Saa hiyo hufuata mwanga na giza, haifuati tangazo lililobandikwa na msimamizi wa zamu. Anayetoka kazini alfajiri hukutana na jua linaloamuru mwili wake uamke, kwa hiyo usingizi wake wa mchana huwa mfupi na wa kukatikakatika. Hapo hujataja joto la Oktoba chini ya bati, mashine ya kusaga unga wa bukari (ugali) inayonguruma mtaa wa pili, na kwaya inayofanya mazoezi kwa vipaza sauti. Deni hilo la usingizi hukua siku hadi siku. Siku ya mapumziko mwili hulidai lote kwa mkupuo, na hiyo ndiyo siku jirani anapomwona amelala hadi saa nane akaguna.

Wazee watajibu kwamba enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, watu waliamka kwa king'ora na kazi ilikwenda. Iliendaje? Chini ya dekreti ya mwaka 1922 kuhusu mikataba ya kazi katika Kongo ya Wabelgiji, mfanyakazi aliyevunja mkataba aliweza kuadhibiwa kama mhalifu. Kampuni ilimiliki kambi, nyumba na posho, na ilijua nani yuko wapi. Uwahi wa namna hiyo ni ushahidi wa woga kuliko wa afya njema, na anayeutamani leo aseme wazi kama anautaka pamoja na adhabu zake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Si kila anayelala mchana ametoka mgodini. Wapo waliokesha na simu, wapo waliokesha na chupa. Ni kweli, na sina neno la kuwatetea. Lakini mtu hawezi kumtofautisha mkeshaji wa baa na mkeshaji wa mgodi kwa kumtazama akikoroma, na kosa la kumdhania mgonjwa au mchovu kuwa mzembe ni zito kuliko kosa la kumvumilia mzembe mmoja. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, humfanya mtu asinzie mchana na kukesha usiku. Na kati ya nchi zote duniani, Kongo ndiyo ambayo kwa miaka mingi imebeba wagonjwa wengi kuliko nyingine. Aliyeitwa mvivu badala ya kupelekwa hospitali amedhulumiwa mara mbili.

Wenye makampuni nao watasema mtambo hauwezi kuzimwa kila magharibi. Hakuna aliyeomba hivyo; kinachoombwa ni kwamba mtambo usiendeshwe na aliyekosa usingizi. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi vibaya kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia nacho dereva kushika usukani. Mfikirie huyo juu ya lori la madini kwenye barabara ya Likasi hadi Kolwezi. Anayempuuzia usingizi wake anaweka rehani roho za wapita njia.

Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaweka kikomo cha saa 45 kwa juma na inatambua kazi ya usiku kuwa ile ya kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri. Sheria basi imeshauona usiku. Kilichobaki ni makampuni kuzungusha zamu kwa kwenda mbele, kutoka asubuhi hadi jioni kisha usiku, na kuacha kumwongezea mtu zamu ya pili kwa sababu mwenzake hakufika. Makanisa na wenye mashine za unga wapunguze kelele za asubuhi katika mitaa ya wachimbaji. Na wewe jirani, kabla hujamgongea dirisha, uliza alirudi saa ngapi.