Risasi ya mwindaji na sahani ya mtoto

Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, mwindaji wa Kihadzabe huchagua mshale kulingana na windo: wenye ncha ya mti kwa ndege, wenye chuma na sumu kwa mnyama mkubwa. Mwenye bunduki na leseni naye huchagua. Akitaka kulenga mbali, hutafuta risasi yenye kasi. Mzazi ana swali jingine: imetengenezwa kwa madini gani?

Nyingi zina kiini cha madini ya risasi. Zikimgonga mnyama kwa kasi humeguka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, vikasambaa hata mbali na jeraha. Kuchemsha nyama hakuviondoi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwa watoto hudhuru ukuaji wa ubongo.

Risasi za shaba tupu hazimeguki kiasi hicho. Hivyo mzazi wa Katesh au Haydom anayepata nyamapori halali aulize kwanza risasi iliyotumika. Asipopata jibu, akate na kutupa sehemu pana kuzunguka jeraha, na mtoto na mjamzito wapewe mboga nyingine.